Aliyepanda kwa Ngazi, Amepanda?

Yako maswali ambayo kwa sura ni madogo, lakini ukiyafuata hukufikisha mbali. Swali la makala hii ni moja la hayo. Mtu aliyefika kileleni mwa mlima kwa kushika kamba ya chuma iliyofungwa na wengine, na kwa kukanyaga ngazi iliyowekwa na wengine, je, ameupanda mlima huo? Au waliopanda ni wale waliofunga kamba, naye amepita tu?

Swali hili lina uzito wake hapa tulipo. Walimu na wanafunzi wa Kiswahili walioko Lilongwe na katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka mji mkuu, hulisikia katika sura nyingine. Kijana wa kambini akifaulu mtihani, hakosekani wa kusema, "Huyo amebebwa na misaada." Akisoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao, ambayo Wajesuiti waliyaanzisha Dzaleka mwaka 2010, hakosekani wa kuuliza kama elimu hiyo ni elimu kweli. Naye mwenyewe, akiwa peke yake, huenda akajiuliza: nimefika kwa miguu yangu, au nimeinuliwa? Kabla ya kulijibu swali hili kwa upande wa watu, yafaa tulitazame kwanza kule milimani, ambako ngazi ni chuma kitupu na hoja zaweza kupimwa bila hasira.

I. Njia za chuma

Waitaliano huita njia ya namna hii via ferrata, yaani "njia ya chuma". Jabali hutobolewa matundu, zikapachikwa nanga za chuma, na kati ya nanga na nanga ikavutwa kamba nene ya chuma. Pale ambapo mguu hauna pa kukanyaga huwekwa vipandio, na penye mwamba uliosimama wima huwekwa ngazi. Mpandaji huvaa mshipi kiunoni, na katika mshipi huo zimefungwa kamba mbili fupi, kila moja ina kulabu mwishoni. Kulabu zote mbili huning'inizwa kwenye kamba ya chuma. Akifika penye nanga huchomoa kulabu ya kwanza na kuipachika mbele ya nanga, ndipo achomoe ya pili. Kwa utaratibu huo hapana wakati hata mmoja ambapo hakushikwa.

Hata hivyo hatari haikuondoka. Anayeteleza huporomoka mpaka kwenye nanga iliyo chini yake, na mshtuko wa kusimamishwa ghafla waweza kukata kamba ya kawaida. Ndiyo sababu kamba zile fupi hutiwa kifaa cha kupunguza mshtuko. Na kupanda ni kupanda: mikono huchoka, magoti hutetemeka, na hapana chuma kinachomwinua mtu asiyetaka kuinuka.

Njia hizi hazikuanza zote kama mchezo. Mwaka 1843 mwanasayansi Friedrich Simony alitengenezesha njia ya vyuma, kamba na vipandio vya kuchongwa katika mlima Dachstein, huko Austria. Nchini Marekani, George Anderson alitoboa matundu na kutia vyuma katika jabali la Half Dome mwaka 1875, na mwaka 1919 zikawekwa kamba za chuma ambazo wageni huzishika hata leo. Lakini vita ndivyo vilivyozieneza zaidi. Kati ya miaka 1915 na 1917 askari wa Italia na wa Austria-Hungaria walipigana juu ya milima ya Dolomiti, wakafunga ngazi na kamba ili kupandisha watu, chakula na silaha. Vita vilipokwisha, ngazi za kuulia zikageuka kuwa ngazi za kutembelea.

Nasi Afrika ya Mashariki tunazo. Katika Mlima Kenya, mwendo wa mwisho wa kufika Lenana, kilele chenye urefu wa meta 4,985, una ngazi ya chuma na kamba za kushika. Katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ziko ngazi mahali penye miamba mikali, na kamba zimefungwa karibu na kilele cha Margherita, meta 5,109. Hapa Malawi, mlima Mulanje hauna njia ya chuma ya namna ya Ulaya, lakini njia ya kwenda Sapitwa, kilele chake chenye meta 3,002, imetiwa alama nyekundu za rangi juu ya mawe ili mtu asipotee. Jina Sapitwa hufasiriwa kuwa "mahali pasipoendeka". Alama ile nyekundu nayo ni ngazi ya aina yake. Haimwinui mtu, ila humwambia kwamba mwingine amepita hapa, naye aweza kupita.

II. Hoja ya wanaozikataa

Wako wanaoona kwamba ngazi ni udanganyifu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpandaji mashuhuri Reinhold Messner alilalamika kwa maandishi kwamba vyuma vinavyopigiliwa kila mahali vimeliua lile lisilowezekana. Kwa maoni yake, mlima usiopandika ni hazina, kwa kuwa humfundisha mtu mpaka wake. Ukiutoboa hata ukapandika kwa kila mtu, umeushusha mlima badala ya kumpandisha mtu. Messner alitimiza kwa vitendo aliyoyasema: mwaka 1978 yeye na Peter Habeler walifika kilele cha Everest bila ya hewa ya mitungi.

Mfano unaotajwa sana ni ule wa Cerro Torre, jabali la Patagonia. Mwaka 1970 Mwitaliano Cesare Maestri alilipanda akiwa na mashine ya kutobolea, akapachika vyuma kwa mamia, na mashine yenyewe akaiacha ikining'inia ukutani. Mwaka 2012 vijana wawili, Mmarekani na Mkanada, walilipanda jabali hilo bila kuvitegemea vyuma hivyo, nao waliposhuka waling'oa yapata 120. Pakazuka ugomvi mkubwa. Wengine walisema vijana wamelitakasa jabali. Wengine wakasema wamefuta historia na kuwafungia njia watu wasio na uwezo kama wao.

Tuzingatie ugomvi huo, maana ndani yake mna mambo mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni heshima ya mlima. La pili ni haki ya wanadamu wanaotaka kuupanda. Aliye hodari aweza kulitetea la kwanza kwa moyo safi, na papo hapo akalisahau la pili, kwa kuwa yeye hana haja ya ngazi. Mwenye nguvu huona ngazi kuwa takataka ukutani, lakini asiye na nguvu huiona kuwa ndiyo mlango.

III. Lugha yetu inasemaje?

Mwalimu wa Kiswahili hana budi kuiuliza pia lugha yake, kwa kuwa lugha huhifadhi hukumu za watu wengi waliotutangulia. Kiswahili kina kitenzi kuparaga, yaani kupanda mti kwa kuukumbatia kwa mikono na miguu, bila ya msaada wa kitu. Kina pia kitenzi kukwea, ambacho hakiulizi umepandaje. Tena mtu ambaye kazi yake ni kupanda minazi huitwa mkwezi, na watu wa pwani wajua kwamba shina la mnazi huchongwa vipandio ili mkwezi apate pa kukanyaga. Pengine vipandio hivyo vilichongwa na babu yake. Lakini hatujapata kusikia mtu akisema kwamba mkwezi huyo hakukwea, ati kwa sababu hakuparaga. Nazi zimeanguka, kazi imetendeka, na aliyekuwa juu, upepo ukiutikisa mnazi, ni yeye.

Basi lugha yetu inatofautisha namna za kupanda bila kumnyang'anya mtu jina la mpandaji. Anayeparaga apewe sifa ya kuparaga. Anayekwea kwa vipandio asijisifu kwamba ameparaga, wala asinyimwe sifa ya kukwea. Tena neno ngazi kwetu lina maana ya kifaa, na pia lina maana ya cheo na hatua ya elimu. Na neno daraja ni kivuko, tena ni cheo. Waliotuachia lugha hii hawakuona aibu kuviita vyeo vyao kwa jina la kitu kilichotengenezwa na fundi.

IV. Ngazi ya kwanza ya Margherita

Sasa tutazame Rwenzori kwa karibu, kwa sababu huko ndiko hoja inakotatulika. Wengi wa wakazi wa Dzaleka wametoka mashariki ya Kongo, na wako waliokulia katika nchi ambayo mlima huo, siku isiyo na mawingu, huonekana ukiwa na weupe juu yake.

Kilele cha Margherita kilifikiwa mara ya kwanza kwa habari zilizoandikwa tarehe 18 Juni, 1906, na Mtawala wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia. Vitabu humtaja yeye. Lakini hakuwa peke yake. Mizigo ilibebwa na msafara mkubwa wa wachukuzi Waafrika, na juu kwenye barafu waliongoza Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Habari za safari hiyo zinaeleza kwamba karibu na kilele walizuiwa na ukingo wa barafu uliosimama kama ukuta. Kiongozi mmoja akasimama imara chini yake, na mwenzake akamkanyaga mabegani, kisha kichwani, kwa viatu vyenye misumari, akapata kupita na kuwavuta wengine. Basi ngazi ya kwanza ya Margherita ilikuwa mwili wa mtu. Hapana aliyesema kwamba Mtawala wa Abruzzi hakuupanda mlima.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Barafu ya Rwenzori imekuwa ikiyeyuka. Vipimo vyaonyesha kwamba mwaka 1987 ilikuwa imebaki yapata kilomita za mraba 2, na mwaka 2003 ilikuwa haifiki 1. Barafu ikishuka huacha wazi miamba mitupu, na pale ambapo watu wa zamani walikwea juu ya mteremko wa barafu, wa leo hukuta ukuta wa mawe. Ndipo huhitajika ngazi na kamba mahali ambapo zamani hazikuhitajika. Je, ngazi iliyowekwa hapo imeurahisisha mlima? La, imerudisha hatua iliyopotea. Na hatua hiyo haikupotezwa na mpandaji wa leo. Dunia iliyopata joto ndiyo iliyoiyeyusha, na wakulima wa Kikonzo waishio chini ya mlima huo si wao walioipasha joto.

Hapa ndipo ngazi ya chuma inapokutana na ngazi ya misaada. Mtoto aliyezaliwa Bukavu, Bujumbura au Kigali katika miaka ya amani alikuwa na mteremko wake wa kupandia: shule ya karibu, shamba la baba, shangazi mwenye duka, lugha inayojulikana na mwalimu. Vita vikaja, mteremko ukayeyuka, ukabaki ukuta. Anayemwekea mtoto huyo ngazi hakumpa zaidi ya wengine, ila amemrudishia sehemu tu ya kile ambacho wengine hukikanyaga kila siku bila kukiona. Mwana wa Lilongwe mwenye wazazi, umeme na vitabu naye yumo juu ya ngazi. Ila ngazi yake ni ya zamani, imefanana na jabali lenyewe, hata husahau kwamba ni ngazi.

V. Kambi na mlima

Yupo mtu atakayetutajia wapandaji wasiosaidiwa na yeyote. Twamkumbuka Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mateka wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki. Mwezi Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka, si kwa kutafuta kurudi kwao, bali kwa kutaka kuupanda Mlima Kenya uliokuwa mbele ya macho yao kila siku. Vyuma vya viatu na mashoka ya barafu viliundwa kwa siri kutokana na vipande vya chakavu. Kamba zao zilikuwa za katani. Na picha iliyowasaidia kuufahamu mlima ilitoka kwenye karatasi ya kopo la nyama. Benuzzi na Giovanni Balletto walifika Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, nazo zikapunguzwa zikawa 7.

Hadithi hiyo husimuliwa kama sifa ya mtu asiyehitaji ngazi. Lakini tukiichunguza, twaona ngazi zimejaa humo: mafundi wenzake waliofua vyuma, aliyeisokota katani, aliyeichora picha ya kopo. Hata aliyetoroka kifungoni hakupanda kwa mikono mitupu. Tofauti yake na wengine ni kwamba alizikusanya ngazi zake mwenyewe, na sifa hiyo tunampa.

Tena hadithi hiyo yatufundisha jambo la pili, ambalo kwa Dzaleka ndilo kubwa. Dzaleka nayo ilikuwa gereza katika zama za utawala wa Kamuzu Banda, kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa kwa watu elfu 10 hadi 12 hivi. Leo wamo zaidi ya elfu 50. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikajiwekea mipaka kuhusu ajira, elimu na uhuru wa kutembea; na mwaka 2023 wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, pamoja na Lilongwe, waliamriwa kurudi kambini. Hatuyataji haya kwa kuitukana nchi ambayo imewahifadhi watu hawa kwa miaka mingi, nayo yenyewe haina mali nyingi. Twayataja kwa sababu haki ya hoja yatudai. Ngazi iliyosimamishwa ndani ya ua uliofungwa humpandisha mtu mpaka aone mbali, kisha humwambia ashuke palepale alipoanzia. Hiyo si ngazi kamili. Anayempa kijana elimu na kumnyima kazi amemfungia kamba ya chuma hadi nusu ya jabali.

VI. Masharti ya ngazi njema

Kwa hayo yote hatusemi kwamba kila msaada ni mwema. Twaonelea kwamba ngazi njema ina masharti matatu.

Kwanza, imwachie mpandaji miguu yake. Ngazi humpa mtu pa kukanyaga, bali machela humbeba mzima mzima. Mwanafunzi anayepewa kamusi, mwalimu mvumilivu na muda wa ziada amepewa ngazi. Anayeuziwa majibu ya mtihani amebebwa kwa machela, na akifikishwa juu hatakuwa na miguu ya kusimamia. Mwalimu wa Kiswahili na azingatie jambo hili darasani. Mtoto wa Kongo asemaye "niko naenda" asichekwe kana kwamba hana lugha. Kiswahili cha kwao ni kipandio cha kwanza. Na akanyage hapo, apandishwe hadi Kiswahili sanifu. Lakini mwalimu akimwandikia insha ili shule ipate sifa, amemdhulumu.

Pili, isifichwe. Yule aliyefika Lenana kwa ngazi na kusema amefika kwa ngazi hana aibu yoyote. Mwaka 1975 Wachina waliweka ngazi katika mwamba wa Everest upande wa kaskazini, juu zaidi ya meta 8,500, na karibu wote wapitao upande huo wameikanyaga. Ubaya si kuikanyaga. Ubaya ni kurudi nyumbani na kusimulia safari isiyo na ngazi. Anayeficha ngazi humfanya anayemfuata ajione dhaifu kwa kushindwa jambo ambalo hata yeye hakuliweza.

Tatu, iachwe imara kwa ajili ya wengine. Kutu hula chuma, nanga hulegea, na ngazi isiyokaguliwa huua kuliko jabali lisilo na ngazi, kwa kuwa huaminiwa. Basi kila aliyepanda ana deni la kuitunza. Nalo hilo ndilo deni linalosahauliwa kuliko yote. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Na bado twawaona watu waliofika Lilongwe kwa ngazi ya kambi, wakapata kazi na jina, kisha wakawa wa kwanza kusema kwamba waliobaki Dzaleka ni wavivu. Hao wamefika juu, wakaivuta ngazi. Tena wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Atashukia wapi aliyeivuta?

Hatimaye, jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: aliyepanda kwa ngazi amepanda, maadamu miguu ilikuwa yake, hakuificha ngazi, na hakuiondoa. Heshima ya mpandaji haipimwi kwa uchache wa misaada aliyopewa, kwa kuwa hapana binadamu aliyepanda bila msaada. Hupimwa kwa namna anavyokiri deni lake na anavyolilipa kwa wale wasiomjua, watakaokuja nyuma yake. Kijana wa Dzaleka akiambiwa kwamba amebebwa, asikane ngazi wala asiinamishe kichwa. Na aseme kwamba ngazi ilikuwapo, kwamba miguu ilikuwa yake, na kwamba sasa anaikaza nanga kwa ajili ya mdogo wake.

Wasomaji, hasa walimu walioko madarasani, wanaombwa waijadili rai hii na wanafunzi wao. Wenye hoja ya kuipinga nao wanakaribishwa kutuandikia katika kurasa hizi.